Kutoka Mpira wa Leopold hadi Almasi za Inspekta Sanders

Miongoni mwa filamu za upelelezi ambazo Wazungu walitengeneza kuhusu Afrika, Death Drums Along the River ya mwaka 1963, iliyoongozwa na Lawrence Huntington, ni mojawapo ya zilizosahaulika upesi, ingawa chimbuko lake ni Kongo, na kwa sababu hiyo inastahili kutazamwa upya na watu wa Bunia, mkoani Ituri. Ndani yake Inspekta Sanders, aliyeigizwa na Richard Todd, anachunguza mauaji katika koloni la kubuni liitwalo Gondra, na uchunguzi huo unamfikisha kwenye hospitali ya daktari Mzungu kando ya mto na kwenye magendo ya almasi.

Sanders huyo aliumbwa na Mwingereza Edgar Wallace, bingwa wa riwaya pendwa, yaani hadithi za bei nafuu zilizoandikwa haraka kwa ajili ya umma, katika kitabu Sanders of the River cha 1911. Kitabuni si mpelelezi bali ni bwana shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni, anayepanda na kushuka mto kwa meli ya mvuke iitwayo Zaire, pamoja na askari wa Kihausa, akidai kodi na kunyonga wakaidi, huku akisaidiwa na Bosambo, mfungwa mtoro wa Liberia aliyejipatia uchifu.

Jina la meli hiyo, ambalo ni jina la zamani la Mto Kongo, linafichua mengi. Wallace alifika Kongo mwaka 1907 kwa niaba ya gazeti la Daily Mail, wakati Mfalme Leopold II wa Ubelgiji akiimiliki bado Dola Huru ya Kongo, Ituri ikiwamo, kama mali yake binafsi, na wanakijiji walioshindwa kuleta mpira wa porini wa kutosha wakichapwa viboko, wakitekewa wake zao na hata kukatwa mikono. Hadithi alizoanza kuzitoa miaka miwili baadaye katika jarida la Weekly Tale-Teller ziliubakiza mto na misitu, lakini dola iliyotenda uhalifu ikaondolewa, na mahali pake akasimamishwa afisa Mwingereza mwadilifu. Huo ndio upotoshaji ulioirithisha filamu msingi wake.

Mwongozaji Zoltan Korda alikuwa ameshazigeuza hadithi hizo kuwa filamu mwaka 1935, akimpa mwigizaji Paul Robeson nafasi ya Bosambo, kazi ambayo Robeson alikuja kuikana kwa uchungu, na miongoni mwa waigizaji wadogo alikuwamo Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi London. Mwaka 1963 Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu wa Kenya, ilhali mtayarishaji wa Death Drums, Harry Alan Towers, alikuwa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, akipiga picha za inspekta Mwingereza anayeamuru mtoni kama zamani, kwa kulilenga pia soko la Ujerumani, ambako filamu za Wallace zilikuwa zikipendwa mno tangu 1959.

Mtazamaji wa Ituri, ambako dhahabu ya Kilo iligunduliwa mwaka 1903 na ambako dhahabu ya Mongbwalu imevushwa kwa magendo hadi Uganda, atatambua mara moja kwamba filamu inamsaka anayesafirisha mawe, bila kuuliza ardhi iliyoyatoa ni ya nani. Katika filamu iliyofuata, Coast of Skeletons, Sanders hana tena koloni la kulinda. Amekuwa mpelelezi wa kampuni ya bima, na almasi ndizo zile zile.