Mamba Aliyekataa Kuingia Kizimbani

Mwaka 2007 Hollywood ilitoa Primeval, filamu ya kutisha iliyojinadi kuwa imetokana na kisa cha kweli: mamba Gustave, ambaye masimulizi ya mto Rusizi na ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika humhesabia hadi watu 300. Ilipigwa Afrika Kusini, ikatangazwa kana kwamba muuaji ni binadamu, na aliyelipa kiingilio kwa matumaini hayo alikuwa na haki ya kununa. Mwaka 2004 televisheni ilikuwa imeonyesha jaribio la kumkamata mamba huyohuyo, nalo likaisha bila mamba. Hata hivyo, anayetaka historia ya ufukwe huu ataikuta katika jaribio hilo lililoshindwa.

Patrice Faye, Mfaransa aliyehamia Burundi, ndiye aliyempa mamba huyo jina, akamkadiria urefu wa zaidi ya mita 6. Kizimba cha chuma cha mita 9 kikashushwa majini, chambo ndani, kamera ya kuonea gizani juu yake. Gustave hakuja. Usiku mmoja dhoruba ikapiga. Kulipokucha kizimba kilikuwa kimezama nusu, na mbuzi wa chambo hayupo. Amekwenda na nani? Kamera haikuona kitu. Hofu ya mamba huko Gitaza, kwenye barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge, ni ya namna hiyohiyo. Pale mlima umelisogelea ziwa hata nyumba, barabara na ufukwe vinagombania ukanda mmoja mwembamba. Anayefua, anayeoga, anayechota maji na mvuvi anayetoka na taa zake kufuata ndagala, wote hawana budi kuyaendea maji, na kinachowatia wasiwasi ni kile kisichoonekana. Primeval inamwonyesha mnyama mpaka anazoeleka.

Litasemwa kwamba sinema ni burudani, haidaiwi ushahidi. Sawa, lakini ukweli iliupachika yenyewe kwenye tangazo. Litasemwa pia kwamba angalau iliitangazia dunia vita vya Burundi. Iliitangazia nini hasa? Vita vilivyoanza 1993 vilikuwa na vyama, majeshi, madai, na mazungumzo yaliyozaa Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000. Filamu ikaweka mahali pa hayo yote mbabe mmoja aitwaye Gustave Mdogo, mauaji ya kisiasa yakageuka silika ya mnyama. Hata ile hoja kwamba maiti zilizotupwa mtoni ndizo zilizomfundisha mamba kula watu haina ulazima: mamba mkubwa, mzito wa kufukuza samaki, hutafuta windo kubwa lililo karibu na maji, vita viwepo visiwepo. Na hiyo 300 haikutoka katika daftari lolote. Katika miaka ambayo watu walipotea kwa sababu nyingi, ilikuwa rahisi kumbebesha mamba mwenye jina vifo vya mamba wengine wote. Faye mwenyewe alianza kwa kumpa Gustave umri wa miaka 100, kisha meno yake yaliyokuwa bado kamili yakamshusha hadi karibu 60. Masahihisho ya aina hiyo hayamo katika Primeval.