Ramani ya Makazi na Ulinzi wa Raia: Fundisho la Mucojo

Katika Cabo Delgado mkoloni hakupigana kwa bunduki peke yake. Alipigana pia kwa kamba ya kupimia viwanja. Vita vya ukombozi vilianza tarehe 25 Septemba 1964 huko Chai, wilayani Macomia. Mucojo, penye wavuvi na wakulima wasemao Kimwani, iko pwani ya wilaya hiyo hiyo. Vita vilipopamba moto, jeshi la Kireno liliamua kuwatenga wananchi na wapiganaji wao. Watu walitolewa katika vitongoji vyao vilivyotawanyika, wakakusanywa katika vijiji vilivyoitwa aldeamentos. Hadi vita vilipokwisha mwaka 1974, karibu watu milioni moja wa Msumbiji walikuwa wamewekwa humo.

Mbinu hiyo haikuwa ngeni. Waingereza waliitumia Malaya tangu 1950, kisha Kenya tangu 1954. Wafaransa waliitumia Algeria. Kijiji cha namna hiyo kilipangwa kwa ajili ya jicho la mlinzi. Nyumba zilisimama kwa mistari na njia zilinyooshwa, ili atokaye na aingiaye aonekane. Mkulima aliachwa mbali na shamba lake, na mvuvi mbali na ngalawa yake.

Mijini, wakoloni hao walijipangia makazi ya namna nyingine kabisa. Dar es Salaam, katika miaka ya 1920, Waingereza waligawa mji kwa kanda tatu. Wazungu walipata viwanja vikubwa vyenye bustani na upepo wa bahari, na baadaye makazi hayo yalisogea nje ya mji hadi Oyster Bay. Waafrika walibanwa Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukawa mpaka. Basi nafasi ile ile, ambayo ni neema kwa makazi, iligeuzwa kuwa chombo cha ubaguzi.

Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, FRELIMO ilikusudia kuugeuza mpango huo. Mwezi Februari 1976 Kamati Kuu yake iliamua kujenga vijiji vya jumuiya, vyenye shule, zahanati, maji na uzalishaji wa pamoja. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, vingi vya vijiji hivyo katika Cabo Delgado vilianzishwa papo hapo palipokuwa na aldeamentos. Bendera ilibadilika, lakini mistari ya nyumba ilibaki, na umbali wa mashamba ulibaki. Tanzania nayo, katika operesheni za vijiji za 1973 hadi 1976, iliona jinsi haraka ya kuhamisha watu inavyoweza kuliharibu lengo zuri.

Suala hilo limerudi upya. Tarehe 5 Oktoba 2017 waasi walivishambulia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia. Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilibomoa nyumba za pwani ya Macomia, na mwezi Mei 2020 mji wa Macomia wenyewe ulivamiwa. Kufikia mwaka 2022 watu waliokimbia makwao walikaribia milioni moja. Wengi walipatiwa viwanja vipya pembezoni mwa miji na vijiji, huko Metuge, Ancuabe, Chiúre na Montepuez.

Kiwanja kikubwa kina faida zake: moto wa makuti haurukii nyumba ya jirani, choo hukaa mbali na kisima, na muhogo hupata mahali pa kupandwa. Lakini kina gharama pia. Bomba la maji hurefuka, barabara hurefuka, na doria ya usiku hurefuka. Na mvuvi wa Mucojo, hata akipewa uwanja mpana barani, hana bahari ya kutupia jarife.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mpimaji hujua vipimo. Mkazi ndiye ajuaye maji yalipo, njia ya shamba, na mahali ambapo mgeni hupita bila kuonekana. Habari za namna hiyo askari na polisi hawazipati kwa kunyoosha mistari ya nyumba. Huletewa na raia anayeyahesabu makazi kuwa yake. Aldeamentos zilikuwa na mistari iliyonyooka kuliko vijiji vyote vilivyozitangulia, na bado hazikumwokoa Mreno, kwa sababu waliokaa ndani yake hawakuwa na sababu ya kuzilinda. Anayelinda makazi mapya leo, na aanze kwa kumsikiliza atakayekaa humo.