Kicheko na Hofu ya Watu katika Katuni za Kijapani, 2006–2022

1. Swali lenyewe

Katika muda wa miaka kumi na sita, tangu 2006 hadi 2022, katuni za Kijapani ziitwazo anime zilimweka mara kadhaa mtu anayeogopa watu katikati ya mchezo, zikamfanya kiini cha kicheko. Jambo hilo lazua swali zito. Je, kicheko hicho chasema kweli juu ya hofu, au chamdhihaki aliyeelemewa nayo? Makala haya yanafuata kazi nne za aina hiyo na kuonyesha kwamba kichekesho husema kweli kinapotimiza masharti mawili: kicheko kiangukie pengo lililopo kati ya yale anayoyawaza mwenye hofu na yale yanayotendeka hasa, tena, ukimya wake uwe na gharama.

2. Asili ya dhana

Hofu hiyo ina historia ndefu katika utabibu wa Japani. Morita Masatake (1874–1938), daktari wa akili wa Tokyo, alianzisha mnamo 1919 namna yake ya tiba, na wengi aliowatibu walisumbuliwa na hali iitwayo taijin kyofusho: taijin ni kukabili watu, kyofu ni hofu, sho ni ugonjwa. Huko Marekani, chama cha madaktari wa akili kiliingiza hofu ya kijamii kama ugonjwa wa pekee katika mwongozo wake wa 1980. Toleo la 1994 likalitaja jina la Kijapani miongoni mwa maradhi yanayofungamana na utamaduni. Tofauti yafaa kukumbukwa. Mgonjwa wa kawaida katika maelezo ya Kimarekani huogopa kuaibishwa. Yule wa Kijapani aweza pia kuogopa kuwaudhi wenzake kwa uso wake, kwa harufu yake au kwa namna anavyotazama.

Morita alieleza hofu hiyo kama mzunguko. Mtu huogopa kuiva uso mbele za watu. Kwa kuogopa huuchunguza uso wake. Kwa kuuchunguza, uso huzidi kuiva. Dawa yake haikuwa kuifukuza hofu. Mgonjwa alifundishwa kuipokea hali kama ilivyo, na kuifanya kazi ya siku hiyo huku hofu ikiwapo.

Msomaji wa Kiswahili asichanganye hofu hii na haya. Haya ni sifa njema: mwenye haya hujizuia asitende lisilofaa. Mwenye hofu ya watu huzuiliwa hata kutoa salamu ambayo yeye mwenyewe anatamani kuitoa.

3. Kujifungia na kulaumu: 2006 na 2013

Mwaka 1998 daktari Saito Tamaki alitoa kitabu kilicholieneza neno hikikomori, yaani mtu aliyejifungia nyumbani kwa miezi sita au zaidi. Mwandishi Takimoto Tatsuhiko, ambaye naye aliishi maisha ya kujifungia, alichapisha riwaya juu ya hali hiyo mwaka 2002, na mwaka 2006 ikawa anime ya sehemu 24 chini ya jina NHK ni Yokoso! Shujaa wake, Sato, kijana wa miaka 22, ameacha chuo kikuu baada ya kuhisi kwamba wapita njia wanamcheka. Anajitungia sababu: kuna chama cha siri kinachowafanya vijana wajifungie, na herufi za jina lake ni zile zile za shirika la utangazaji la taifa. Mtazamaji hucheka njama hiyo, lakini hutambua haja iliyoizaa. Fedheha isiyo na sababu huuma kuliko ile yenye adui. Gharama nayo i wazi: masomo yamepotea, na miaka pia.

Kazi ya pili ni Watamote ya 2013, iliyotokana na hadithi za picha za Tanigawa Nico. Jina lake refu lamaanisha kwamba kutopendwa kwa msemaji, kwa vyovyote vile, ni kosa la wengine. Kuroki Tomoko, wa miaka 15, anamsumbua mdogo wake kwa maneno mengi nyumbani, ila shuleni sauti yamkauka. Hapo uchunguzi ni sahihi: hofu haiondoi uwezo wa kusema, huufunga mbele ya watu fulani. Ni sahihi pia kwamba Tomoko si malaika; moyoni anawadharau wale wale anaotamani wamkubali. Walakini mara nyingi mtazamaji huachwa amwangalie akianguka, pasipo lolote linalofuata. Kicheko huelekea kuwa adhabu.

4. Ukimya uliopambwa: 2021

Hadithi ya Komi, iliyotungwa na Oda Tomohito tangu 2016 na kuwa anime mwaka 2021, hugeuza pengo upande wa pili. Jina Komi Shoko huchezea neno komyusho, ambalo ni msemo wa vijana kwa mtu asiyeweza kuzungumza na wenzake, wala si neno la madaktari. Komi hasemi, na shule nzima hudhani ukimya wake ni heshima ya mtu bora. Pale anapoandika ubaoni, akijibizana kwa chaki na Tadano, kazi hii hufikia ukweli wake: neno lipo, mlango ndio uliofungwa. Hata hivyo, Komi ni mrembo naye huabudiwa na wote. Ukimya haumgharimu sifa yake, na sharti la pili halitimii.

5. Ndani ya boksi la maembe: 2022

Bocchi the Rock! ya 2022, iliyotokana na hadithi za Hamaji Aki, hutimiza masharti yote mawili. Gotoh Hitori amepiga gitaa miaka mitatu ndani ya kabati la nyumbani. Miaka hiyo ndiyo gharama. Katika onyesho la kwanza anapiga akiwa amejificha ndani ya boksi la maembe, na ufundi wake hupungua kwa sababu hajazoea kupiga na wengine. Anapopatwa na hofu, umbo lake huyeyuka, na picha hubadilika ziwe za namna nyingine kabisa. Wakati huo wenzake wamemwuliza jambo dogo tu. Mtazamaji huyaona yote mawili pamoja, maafa ya ndani na upole wa nje, na hapo mzunguko wa Morita huonekana.

Pingamizi moja lina nguvu. Hitori ana kipaji, na mwenzake wa kwanza anamkuta bustanini kwa sababu mpiga gitaa wao ametoroka. Wengi wenye hofu hawaitwi na mtu. Kwa hiyo mlango wa hadithi ni wa bahati.

6. Tamati

Lakini mwisho wake si wa bahati. Baada ya tamasha la shule, Hitori hajapona. Anatoka kwenda kwenye kazi yake ya kibarua, akinung'unika. Bila kumtaja daktari yeyote, kichekesho kimefika pale Morita alipowafikisha wagonjwa wake: hofu ingalipo, na kazi ya siku inafanywa. Mwenye hofu akitazama hapo aweza kucheka bila kujihisi amechekwa.