Mfumo wa kuzima moto katika gari la mashindano

Mfumo wa kuzima moto katika gari la mashindano ni mtungi uliofungwa imara ndani ya gari, ukiwa na mabomba membamba na nozeli zinazorusha povu au gesi kwenye chumba cha dereva na kwenye injini mara tu mfumo unapofyatuliwa. Unatofautiana na kizimamoto cha mkononi kwa sababu dereva aliyebanwa na mikanda hana nafasi ya kunyanyua mtungi, kuchomoa pini na kulenga moto. Kitufe kimoja kinapaswa kuyafanya yote. Anayeuchagua, basi, ananunua muda wa watu kutoka garini.

Tarehe 29 Novemba 2020, kwenye mbio za Formula 1 nchini Bahrain, gari la Romain Grosjean liligonga uzio wa chuma kwa mwendo wa kilomita 192 kwa saa, likakatika vipande viwili na kuwaka. Alijitoa mwenyewe baada ya sekunde 27 hivi, mikono ikiwa imeungua. Novemba 2022, katika Rally Japan, Dani Sordo na mwelekezi wake Cándido Carrera walisikia harufu ya petroli ndani ya Hyundai yao. Walisimama, wakashuka salama, na gari likateketea lote.

Dawa ya kuzimia

Povu la AFFF hupoza na kutandaza utando juu ya petroli, hivyo moto hauwaki tena kirahisi. Linafaa hasa gari lililo wazi au lililovunjika vioo, kwa kuwa upepo hauliondoi upesi. Ubaya wake ni uzito, pamoja na kazi ya kusafisha injini na nyaya baadaye.

Gesi hupenya kila kona na haiachi uchafu, lakini hupungua nguvu pale upepo unapopita. Haloni ilipendwa kwa miaka mingi. Kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni, nchi zilizoendelea ziliacha kuizalisha mwaka 1994 chini ya Mkataba wa Montreal. Nafasi yake ilichukuliwa, miongoni mwa nyingine, na Novec 1230 ya kampuni ya 3M, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 49 za Selsiasi na kugeuka gesi kinaporushwa. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilitangaza kuacha kuzalisha kemikali za kundi la PFAS ifikapo mwisho wa 2025, ingawa dawa hiyohiyo inatengenezwa na wengine kwa jina la FK-5-1-12. Mnunuzi aulize mapema mtungi wake utajazwa wapi, na kwa dawa gani.

Unga huua moto haraka, ila hujaza chumba wingu zito, na dereva anayetafuta komeo la mlango haoni kitu. Heri ubaki kwenye vizimamoto vya mkononi.

Vibali na ufyatuaji

Shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA, huorodhesha mifumo iliyopimwa. Orodha ya Kiufundi namba 16 ina ile ya kiwango cha zamani. Namba 52 ina ile ya kiwango kigumu zaidi cha 8865-2015. Marekani hutumia SFI 17.1. Kanuni za mashindano anayokusudia dereva ndizo zinazoamua orodha ipi inahitajika, kwa hiyo zisomwe kabla ya kulipa.

Mfumo wa waya wa kuvuta ni rahisi na hauhitaji betri, lakini waya uliopindwa sana hukwama. Wa umeme hufyatuka kwa kugusa tu, mradi uwe na betri yake yenyewe, kwani dereva huzima umeme wa gari kwanza. Vyovyote iwavyo, aliyefunga mikanda aufikie kwa mkono, na mwokoaji aliye nje naye aufikie penye alama ya herufi E nyekundu ndani ya duara jeupe lenye ukingo mwekundu.

Ufungaji

Mtungi hukazwa kwa mikanda ya chuma kwenye sakafu, mbali na joto la ekzosi. Nozeli za injini huelekezwa penye petroli na joto kwa pamoja: paipu za mafuta na upande wa tabo. Za ndani huelekezwa miguuni na mapajani, kamwe si usoni.

Katika Safari Rally ya Kenya, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, mawe na makorongo hutikisa gari siku nzima, kwa hiyo fundi hukagua vishikizo vya mabomba kila gari linaporudi. Mtungi hupelekwa kwa wakala kila baada ya miaka miwili. Na kabla ya kila mbio, mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo husoma geji, huchomoa pini ya usalama au huwasha swichi ya kisanduku cha umeme, kisha humwambia dereva kwa sauti kwamba mfumo uko tayari.