Ulevi na Hukumu ya Jamii: Migori na Homa Bay

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, kandokando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, mpaka baina ya kileo halali na kileo haramu haukuwekwa na ukali wa kilevi peke yake, bali na ada, umri wa mnywaji na amri ya serikali. Wazee wa Kijaluo walipokizunguka chungu cha kong'o, pombe ya nafaka, wakaifyonza kwa mirija mirefu iitwayo oseke, hapana aliyewaita walevi, kwa kuwa kunywa pamoja kulihesabiwa sehemu ya taadhima ya ukubwa. Chang'aa, pombe kali ya kienyeji, iliharimishwa kwa sheria ya 1980, kisha sheria ya 2010 ikaihalalisha kwa masharti ya leseni. Mjane aipikaye nyumbani bila leseni ili asomeshe wanawe akabaki mkosaji vilevile, na hilo, kwa insafu, ni jambo la kusikitisha. Tumbaku, ambayo uraibu wake ni mkali, hulimwa Migori hadharani kwa mikataba ya makampuni, ilhali mwenye kulima bangi hushtakiwa kwa sheria ya 1994.