Funza wa Unga: Vile Unaweza Kuwafuga Kwa Keja Yako

Chakula ya kuku inakumaliza mfuko? Cheki funza wa unga, Tenebrio molitor. Wakikaushwa, karibu nusu ya uzito wao ni protini.

Tafuta beseni ya plastiki yenye kuta laini, weka pumba za ngano inchi mbili, kisha mbawakawa wazima. Watataga humo. Usimwage maji, weka vipande vya karoti ama waru, na uvitoe kabla vioze. Unyevu ukizidi, ukungu unaingia na mradi umeisha.

Pupa watenge mapema, juu mbawakawa huwala. Kutoka yai hadi funza wa kulisha kuku, hesabu kama miezi tatu. Na usivune wote, msee: bakisha wa mbegu, la sivyo unaanza upya.