Nyumba Bila Ardhi: Kutoka Ng'ambo hadi Skärholmen

Sisi wajukuu wa watu waliohama, tununuapo nyumba ughaibuni hudhani tumekutana na mambo mageni. Nimenunua na kuuza fleti hapa Skärholmen, kitongoji cha Stockholm kilichojengwa miaka ya 1960, nikaona kwamba wazee wetu waliyajua.

Huko Ng'ambo ya Unguja, nje ya Mji Mkongwe, mtu alimiliki nyumba, lakini kiwanja kilikuwa cha mwingine, naye akilipa kodi ya ardhi. Asiyelipa aliweza kufukuzwa kiwanjani hali nyumba ni yake. Mwaka 1928 wakazi waligoma kulipa. Mombasa nako desturi ya nyumba bila ardhi ingaliko.

Hapa fleti huuzwa kwa utaratibu uitwao bostadsrätt: mnunuzi hupata haki ya kukaa na uanachama katika chama cha wakazi, ambacho ndicho chenye jengo. Mara nyingi ardhi ni ya manispaa, na chama huikodi kwa tomträtt, mpango uliowekwa kisheria mwaka 1907. Kodi hiyo hupitiwa upya kwa vipindi, aghalabu vya miaka 10. Ikipanda, ada ya kila mwenye fleti huweza kupanda.

Basi, ndugu zangu, kabla ya kusifu madirisha, someni taarifa ya fedha ya chama: kina deni kiasi gani, ardhi ni ya nani, na kodi yake itapitiwa lini? Nanyi mkiuza, yaelezeni hayo mapema, kwani mnunuzi makini atayauliza.